Wakija kuchoronga mbugani Wembere, kijiji kiangalie nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kijiji wilayani Igunga, huku ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Watu wa utafiti wa mafuta na gesi wameshapita na vifaa vyao vya mitetemo, na tunasikia iko siku mtambo mkubwa utakuja. Mpwa wangu ananionyesha kwenye simu video za Marekani, mtu anawasha kiberiti kwenye bomba na maji yanashika moto. Anasema huko kampuni za gesi zinavunja sheria mamia kwa mamia. Ninachouliza: sheria zinazovunjwa ni zipi hasa, na sisi tusiosomea petroli tutajuaje kwamba zimevunjwa hapa kwetu? Kijijini wengine wanasema tukatae kabisa, wengine wananiambia nikiuliza sana nitawafukuzia vijana ajira.

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na pole na ukatibu. Kazi nyingi, posho hakuna.

Nianze na video ya mpwa wako, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Maji kuwaka moto si uongo, ila peke yake hakuthibitishi kosa la mtu yeyote. Gesi ya methani hupatikana kwa asili kwenye maji ya ardhini sehemu nyingi duniani, hata pale ambapo hakuna kampuni iliyowahi kukanyaga. Tena kule Pennsylvania, jimbo zinakotoka nyingi ya habari hizi, gesi wanayoitafuta imenaswa ndani ya mwamba mgumu uitwao Marcellus, na ili itoke ni lazima mwamba upasuliwe kwa maji, mchanga na kemikali vinavyosukumwa kwa shinikizo kubwa. Bonde la Eyasi-Wembere bado liko kwenye hatua ya kutafuta: mitetemo, na vile visima vifupi vya utafiti vya TPDC, shirika la petroli la taifa, ambavyo kimojawapo kilichorongwa Kining'inila hapo hapo Igunga. Hatua inayofuata kwa kawaida ni kisima kirefu cha kujua kama chini kuna kitu au hakuna. Hayo ya kupasua mwamba tuyaweke kando kwa leo.

Ya uvunjaji wa sheria tusiyaweke kando. Mwaka 2010 shirika moja la huko, Pennsylvania Land Trust Association, lilipekua kumbukumbu za wakaguzi wa idara ya mazingira ya jimbo. Kati ya Januari 2008 na Juni 2010 lilikuta makosa 1,435 yaliyoandikwa dhidi ya kampuni 43 zilizokuwa zikichoronga Marcellus. Katika hayo, 952 yalihesabiwa kuwa yamedhuru mazingira au yangeweza kuyadhuru. Mengine yalikuwa ya makaratasi au ya usalama kazini. Ukiyachambua hayo 952 utashangaa yalivyo ya kawaida. Udongo umeachwa wazi, mvua imeusomba hadi mtoni. Bwawa la maji taka limejengwa ovyo. Taka zimemwagwa chini. Haya hayahitaji mwamba upasuliwe. Yanakuja na mtambo wowote wa kuchoronga, Pennsylvania au Igunga. Makosa ya mabomba na saruji ya kisima yalikuwa machache kwa hesabu, lakini kesi zilizodumu miaka mingi zimetoka humo.

Neno moja kuhusu hesabu za namna hii. Kosa huandikwa pale mkaguzi anapofika. Kampuni yenye makosa sifuri inaweza kuwa hodari, na inaweza pia kuwa haijakaguliwa. Siku mtakapoambiwa mkutanoni kwamba fulani hajawahi kuandikiwa kosa, ulizeni amekaguliwa mara ngapi, amekaguliwa na nani, na ripoti iko wapi.

Sasa twende eneo la kazi. Watu wakifika pale hutazama mnara. Wewe tazama shimo.

Kisima kinapochorongwa, tope maalumu husukumwa ndani ya bomba la kuchorongea, hutokea chini kwenye kekee, ile ncha inayokata mwamba, kisha hupanda tena kwa nje ya bomba likiwa limebeba vipande vya mwamba. Tope hilo lina udongo wa bentonaiti, lina baraiti ya kuongeza uzito, chumvi, na viungo vingine. Lipo pia linalotengenezwa kwa mafuta badala ya maji. Likishachoka, lazima lilale mahali pamoja na vile vipande. Na kisima kikitoa maji ya kina kirefu, maji hayo mara nyingi huwa na chumvi kuliko ya bahari, huwa na madini ya bariamu na strontiamu, na sehemu nyingine hata radiamu yenye mionzi. Kampuni makini huweka vyote hivyo kwenye matangi ya chuma na kuviondoa. Inayobana matumizi huchimba bwawa, hutandika plastiki nene, na kuviacha hapo.

Bwawa lenyewe si kosa. Kosa ni ujenzi na utunzaji. Sharti la Pennsylvania ni kwamba kutoka usawa wa maji hadi ukingoni zibaki futi 2 tupu wakati wote, ili mvua ikinyesha lisifurike, na plastiki isivuje. Ni sharti ambalo hata mtoto anaweza kulikagua kwa kijiti, na bado mabwawa ni mojawapo ya mafungu makubwa ya makosa yao. Na wao hawana udongo wetu. Ule udongo mweusi wa mbugani, ambao wewe unaujua kuliko mimi, mwezi wa tisa na wa kumi hupasuka nyufa za kuzamisha mguu, na mvua za kwanza zikinyesha huvimba na kujifunga. Kila mwaka unasogea. Plastiki iliyotandikwa juu yake moja kwa moja huvutwa kiangazi na kusukumwa masika, mpaka siku moja inaachia kwenye viungio vyake. Mhandisi anayejua kazi atauondoa udongo huo, alete mwingine na kuushindilia, ndipo atandike. Au ataachana na bwawa atumie matangi. Mimi kwa Wembere ningedai matangi, tena iandikwe kwenye mpango wa mazingira kabla mtambo haujapakiwa kwenye lori.

Nimewahi kukagua bwawa la aina hiyo kwenye eneo la utafiti wa madini, kampuni siitaji. Kutoka barabarani lilipendeza: uzio wa waya wa miba, kibao chekundu, plastiki nyeusi inang'aa. Ukichuchumaa ukingoni unaona mengine. Plastiki haikufukiwa kwenye mtaro wa kuishika. Iliwekewa mawe juu, na upepo ulikuwa umeshaikunja upande mmoja. Upande wa nyuma, usioonekana barabarani, nguzo mbili za uzio zilikuwa zimelala. Na kutoka kwenye nguzo hizo mpaka ndani ya maji kulikuwa na alama za kwato, mbili mbili, kila moja imetoboa plastiki.

Hilo la mifugo msilione dogo. Julai 2010, wilaya ya Tioga huko huko Pennsylvania, idara ya kilimo iliweka karantini ng'ombe 28 baada ya maji taka kuvuja kutoka bwawa la kisima cha gesi hadi malishoni. Hofu kubwa ilikuwa strontiamu, ambayo huingia kwenye mifupa na kukaa humo muda mrefu. Ng'ombe anapenda chumvi, na Igunga malambo yakikauka ng'ombe ana kiu pia. Kibao chekundu hakisomi. Kwa hiyo uzio wa bwawa muukague nyinyi, hasa upande wa nyuma, na mchungaji yeyote atakayeona nguzo imelala ajue ni nani wa kumpigia.

Mengine ya juu ya ardhi ni mepesi kuyaona. Dizeli na kemikali zinatakiwa zikae juu ya sakafu yenye ukuta mfupi pembeni, ili pipa likipasuka kilichomo kisitoroke. Udongo wa juu uliokwanguliwa unatakiwa urundikwe pembeni na kulindwa, kwa kuwa ndio utakaorudishwa. Mitaro ya mvua inatakiwa izungushwe nje ya eneo, isipite katikati na kubeba mafuta kupeleka kwenye majaruba ya mpunga. Malori ya maji taka yanatakiwa yawe na karatasi ya kuonyesha yamepakia wapi na yanashusha wapi. Wilaya ya Greene, Pennsylvania, mwenye kampuni ya malori alishtakiwa mwaka 2011 kwa kumwaga taka kwenye vijito na kwenye machimbo ya zamani. Lori la tenki linalotoka usiku limejaa na kurudi baada ya nusu saa limekuwa tupu linajieleza lenyewe. Andikeni namba na saa.

Tuje kwenye saruji. Hapa utanivumilia, kwa sababu ndilo kosa lisiloonekana kwa macho.

Kisima cha gesi ni mabomba ya chuma yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, kila linaloshuka zaidi ni jembamba zaidi. La kwanza, fupi na pana, hushika udongo wa juu usibomoke. La pili ndilo letu sisi wanywa maji. Linatakiwa lishuke mpaka lipite tabaka zote za maji baridi, kisha saruji isukumwe ndani yake, itokee chini, ipande kwa nje na kujaza nafasi yote iliyopo kati ya chuma na ukuta wa mwamba, mpaka ionekane juu. Chuma kinazuia kilichomo ndani kisitoke. Saruji inazuia gesi isitambae kwa nje ya chuma, kutoka tabaka la chini kwenda kwenye maji yenu.

Inaharibikaje? Mtambo hulipiwa kwa siku, tena fedha nyingi. Saruji inahitaji saa kadhaa za kukaza kabla kazi haijaendelea, na msimamizi anayesukumwa na ofisi anazipunguza. Au bomba halikufungwa vishikio vya kuliweka katikati ya shimo, likaegemea upande, saruji ikapita penye nafasi tu na kuacha ufa mwembamba upande wa pili. Au haikurudi mpaka juu, mtu akasema inatosha. Au kile kipimo cha sauti kinachoshushwa kisimani kuangalia kama saruji imeshikana na chuma kikarukwa ili kuokoa siku. Hayo hutayaona ukisimama getini. Ila kila moja lina kumbukumbu yake: saruji mifuko mingapi, ilisukumwa saa ngapi, ilikaza kwa saa ngapi, ilirudi juu au haikurudi, kipimo kilisemaje. Kumbukumbu hizo mdhibiti anazo au anatakiwa kuwa nazo. Kwa upande wa utafutaji na uchimbaji mdhibiti huyo ni PURA, Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, iliyoundwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Kijiji hakitazisoma zote, lakini kinaweza kuuliza mkutanoni, mbele ya diwani na waandishi: bomba la kulinda maji litashuka mita ngapi, na kisima chetu kirefu kuliko vyote kina mita ngapi? Jibu la kwanza lisipozidi la pili kwa mbali, hapo kuna mazungumzo.

Saruji ikikosewa inakuwaje? Tarehe 1 Januari 2009, katika mji mdogo wa Dimock, Pennsylvania, methani iliyojikusanya juu ya kisima cha maji cha nyumba moja ililipuka na kuurusha mfuniko mzito wa zege. Idara ya jimbo ilichunguza na kusema visima vya kampuni ya Cabot Oil & Gas vilivyojengwa kwa kasoro ndivyo vilivyoipa gesi njia ya kufika kwenye maji ya familia kadhaa. Kampuni ilibisha: gesi hiyo ilikuwepo kwenye maji yenu tangu zamani. Desemba 2010 yalifikiwa makubaliano ya dola milioni 4.1 kwa familia 19. Hayakumaliza ugomvi. Jimbo lilifungua mashtaka ya jinai mwaka 2020, na Novemba 2022 kampuni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa inaitwa Coterra baada ya kuungana na nyingine, iliamua kutopinga shtaka na kukubali kulipa dola milioni 16.29 za kujenga mfumo wa maji safi. Kutoka mlipuko mpaka hapo ni karibu miaka 14. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakinywa maji ya chupa na ya matangi, wakigombana na majirani zao ambao walikuwa wanapokea fedha za gesi.

Kilichochelewesha ni lile neno "tangu zamani". Na hapa ndipo ninapotaka kamati yako iweke nguvu kuliko kwingine kote.

Sheria ya mafuta na gesi ya Pennsylvania ilikuwa na kifungu kizuri: maji ya mtu yakichafuka ndani ya futi 1,000 kutoka kisima cha gesi, na ndani ya miezi 6 baada ya kisima kukamilika, kampuni inahesabiwa kuwa ndiyo iliyosababisha mpaka ithibitishe vinginevyo. Mwaka 2012 wakaipanua kwa visima vya kupasua mwamba, ikawa futi 2,500 na miezi 12. Kampuni inajinasuaje? Njia mojawapo kubwa ni kuonyesha vipimo vilivyochukuliwa kabla ya kuchoronga, kwamba tatizo lilikuwepo. Ndiyo maana kampuni za huko hukimbilia kupima visima vya majirani mapema, bure, kwa tabasamu. Vipimo hivyo vinalinda kampuni kwanza. Nyinyi mnahitaji vya kwenu.

Tena kwetu ni zaidi. Maji ya ardhini ya ukanda huu kutoka Singida mpaka Shinyanga yana sifa ya chumvi na floraidi; meno ya watoto wa vijiji fulani yanatosha kuwa ushahidi. Sasa piga picha shauri mwaka wa tatu baada ya mtambo kuondoka: mama mmoja analalamika maji yamekuwa machungu, na wakili wa kampuni anauliza kwa upole, mama, maji ya Wembere yalikuwa matamu lini? Bila karatasi ya maabara yenye tarehe ya kabla, mama huyo hana la kujibu, hata kama anasema kweli tupu.

Kwa hiyo pimeni kabla. Chagueni visima vinavyotumika vilivyo karibu na eneo litakalochorongwa, pamoja na kimoja au viwili vya mbali kidogo vya kulinganishia, na lambo kubwa la mifugo. Pimeni mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua, kwa sababu maji hubadilika kwa msimu na mtu atakuja kusingizia msimu. Nendeni kupitia RUWASA wilaya, wale wakala wa maji vijijini, au Bodi ya Maji Bonde la Kati iliyoko Singida. Wizara ya Maji ina maabara zake za ubora wa maji. Ombeni wapime chumvi kwa jumla, kloraidi, floraidi, bariamu, strontiamu na mabaki ya mafuta. Methani iliyoyeyuka inahitaji chupa na utaalamu wa pekee, na si kila maabara inaipima. Hiyo iingizwe kwenye mpango wa mazingira wa mradi, kampuni ilipie, sampuli igawanywe mara mbili na nusu moja ipelekwe maabara ambayo kampuni haikuichagua. Wakati wa kuchukua sampuli awepo mwenyekiti wa kijiji, apige picha kisima na lebo ya chupa, wote watie saini. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine kwa mtendaji wa kata, nyingine nyumbani kwa mtu mwenye kabati lisiloingia mchwa.

Baada ya hapo kuna kifaa kidogo cha mkononi cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani kiasi cha chumvi iliyoyeyuka. Si ghali, na mwalimu wa sayansi wa sekondari ya kata anaweza kumfundisha mtu kukitumia kwa asubuhi moja. Andikeni kipimo cha kila kisima kila wiki kwenye daftari. Namba ikiruka ghafla na kubaki juu, hapo ndipo mnaita maabara. Dalili za methani zenyewe ni hizi: maji yanatoka bombani yakitema hewa, yana weupe kama maziwa halafu yanakuwa safi kuanzia chini ya glasi kwenda juu, au kisima kinatoa sauti ya kuchemka. Usijaribu kwa kiberiti kama video. Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 inalipuka, na haina harufu. Ile harufu ya gesi ya jikoni inatiwa kiwandani. Fungua mfuniko, acha hewa ipite, na mtu asishuke kwenye kisima cha kuchimba kwa mikono.

Kisima kizima kulipuka ni nadra, nitalipita haraka, ila lisisahaulike. Clearfield, Pennsylvania, Juni 2010, kisima kilirusha gesi na maji machafu kwa saa 16. Uchunguzi ulisema kulikuwa na kinga moja tu ya shinikizo pale palipotakiwa zaidi ya moja, na wafanyakazi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Baghjan, jimbo la Assam nchini India, kisima cha gesi kilicho jirani na bwawa kubwa la asili kililipuka Mei 2020, kikashika moto Juni, kikazimwa Novemba. Nakitaja kwa sababu ardhi yake, ya maji na ndege, inafanana na Wembere. Kilichoua watu wengi ni cha Kaixian, Chongqing, China, usiku wa tarehe 23 Desemba 2003: watu 243 walikufa, wengi wakiwa majumbani mwao. Vali ya usalama kwenye bomba la kuchorongea ilikuwa imeondolewa, na gesi iliyotoka ilikuwa na haidrojeni salfidi, ambayo ni sumu.

Hiyo haidrojeni salfidi ijulikane kijijini. Ikiwa kidogo inanuka yai viza. Ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni ya hewa, pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu anadhani imeisha. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mabondeni. Kwa hiyo kabla ya kazi kuanza kijiji kidai king'ora kinachosikika mpaka kaya ya mwisho, bendera ya kuonyesha upepo, na zoezi la kuondoka lifanywe kweli, mchana na usiku. Anayekimbia asifuate upepo uendako. Akate kando mpaka atoke kwenye njia yake, kisha apande juu.

Mtambo ukiondoka bila kupata kitu, jambo la kawaida kwa visima vya utafutaji, kisima kinatakiwa kizibwe kwa vipande vya saruji kwenye kina mbalimbali, chuma kikatwe chini ya ardhi, bwawa lisafishwe na udongo urudishwe. Hapo ndipo kampuni huwa imeshachoka na fedha imeisha. Msitie saini ya kupokea eneo mpaka mmeona ripoti ya kuziba.

Sheria zetu zinatosha kuanzia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na haki ya kwenda mahakamani kuidai, inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Cheti cha tathmini hushughulikiwa kupitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na mpango wa usimamizi wa mazingira unaoambatana nacho ndio kipimo chenu: kampuni imeahidi nini, imefanya nini. Kuchota maji ya kuchorongea na kutiririsha taka kunahitaji vibali vya bodi ya maji ya bonde. Kemikali zinasajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Usalama wa wafanyakazi ni wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Kuhusu kukataa: petroli iliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, na kijiji hakina turufu ya kufunga mlango. Wanaosema mkatae watapoteza nguvu zao kwenye mlango ambao haukuwekwa komeo. Nguvu yenu iko kwenye masharti, na masharti huandikwa kabla ya cheti kutoka. Wanaosema maswali yatafukuza ajira nao wawaze kidogo: vijana watakaopata vibarua ndio watakaotumwa kusafisha matangi na kubeba magunia ya kemikali. Mkiuliza kama kila mmoja atavishwa kifaa cha kugundua haidrojeni salfidi, mnauliza kwa niaba yao. Na wakishaingia getini, wao ndio watakaojua saruji ilipewa saa ngapi.

Mkiona kosa, msianze na simu. Andikeni barua fupi: tarehe, saa, mahali, kilichoonekana, picha, majina mawili ya walioona. Nakala kwa mtendaji wa kijiji, afisa mazingira wa halmashauri, ofisi ya kanda ya NEMC, PURA, na bodi ya maji kama ni suala la maji. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa na saa, kisha itume kwa posta iliyosajiliwa pale Igunga mjini na utunze risiti.